Kaboni ya Mto Tana, kutoka Mlima Kenya hadi Kuta za Ungwana

Historia ya Tana ya chini, kuanzia Garsen hadi Kipini, huandikwa kwa kawaida kama historia ya Wapokomo walimao kingoni mwa mto, ya Waorma wachungao ng'ombe katika nyanda zilizo nyuma yao, na ya miji ya Waswahili iliyokuwa karibu na bahari. Lakini ipo nyingine iliyo kongwe kuliko hiyo, nayo ni ya kaboni, elementi iliyomo katika kila kiumbe hai na katika mawe ya chokaa.

Safari yake huanzia Mlima Kenya na safu ya Aberdare, ambako maji ya mvua huyeyusha kaboni dioksidi, yaani hewa itokayo viumbe wanapopumua, kisha yapenyapo udongoni huongezewa nyingine na mizizi na bakteria hata yakawa asidi dhaifu. Asidi hiyo huyala mawe ya volkano taratibu mno: madini hugeuka mfinyanzi, na kaboni iliyokuwa hewa hushuka na mto ikiwa bikaboneti, chumvi isiyoonekana machoni, pamoja na kalisi. Baharini matumbawe na kombe huunga viwili hivyo kuwa jiwe la chokaa. Nusu ya kaboni hurudi kuwa hewa, na nusu hufungwa jiweni. Mnamo 1952 mwanakemia wa Marekani, Harold Urey, alieleza jinsi mmenyuko huu unavyoiondoa kaboni angani kwa muda mrefu.

Watu wa pwani waliugeuza mmenyuko huo nyuma mbele. Huko Ungwana, mji wa kale karibu na Kipini ambao James Kirkman aliuchimbua katika miaka ya 1950, misikiti na makaburi yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Katika ufundi huo wa pwani, vipande vya matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa mpaka kaboni yake ikatoka. Kinachobaki huzimwa kwa maji na kupakwa ukutani, nao ukuta huivuta kaboni tena kutoka hewani hadi ukawa mgumu kama jiwe. Mafundi hawakuhitaji fomula ili kujua kwamba chokaa isiyozimwa vyema huvimba na kupasua lipu.

Garsen, penye kichwa cha delta, kaboni hupitia njia ya viumbe. Mafuriko ya masika na vuli yalileta tope lenye mabaki ya mimea, Wapokomo wakapanda mpunga maji yalipopungua, na Waorma wakashusha mifugo mtoni wakati wa kiangazi kupitia malka, yaani njia za kunyweshea. Mpunga na nyasi huvuta kaboni dioksidi. Lakini penye maji yaliyotuama, ambako oksijeni haifiki, bakteria huozesha majani na kutoa methani, gesi inayotega joto kwa nguvu zaidi.

Mzunguko huu umeguswa na mikono ya watu mara kadhaa. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19, ulielekeza maji ya Tana kwenye mto Ozi. Lililo zito zaidi ni mabwawa ya umeme, kuanzia Kindaruma mwaka 1968, kisha Masinga mwaka 1981, hadi Kiambere mwaka 1988, kwa kuwa yalipunguza vilele vya mafuriko yaliyorutubisha mashamba, na tope lenye kaboni, ambalo zamani lingefika Garsen, sasa kwa sehemu hutuama chini ya bwawa la Masinga.