Shawa ya Umeme Ilivyoingia Bukoba na Muleba

Zamani umeme wa Bukoba, mkoani Kagera, ulitoka kwenye jenereta za dizeli, na waliofaidi walikuwa watu wa mjini. Miaka ya 1990 Kagera ikaanza kupokea umeme wa Uganda kwa laini ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi Kyaka. Vijijini Muleba nguzo zilienea baadaye, Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007.

Mimi ni fundi umeme, na historia hiyo naisoma ukutani. Nyumba nyingi za zamani zilifungwa nyaya za taa, redio na pasi. Maji ya kuoga yalichemshwa jikoni kwa kuni, yakapozwa kwenye ndoo. Baridi ya alfajiri Kamachumu, huko Muleba, si ya mchezo, hivyo shawa ya umeme, iliyobuniwa Brazil, ilipofika madukani watu waliipenda. Tatizo ni kwamba wengi waliiunga kwenye nyaya zilezile.

Shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 24. Nyumba moja Muleba niliitwa kwa sababu taa zilififia kila mtu alipooga. Kwenye meinswichi nilikuta fyuzi imefungwa nyuzi nene za shaba zilizosokotwa. Isingekatika hata nyumba ikiwaka. Bafuni, ganda la waya lilikuwa jeusi na likivunjika vidoleni, na waya wa ethi ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma ya shawa. Katika shawa nyingi za aina hii koili hugusana na maji moja kwa moja. Bila ethi, umeme ukivuja njia yake ni mwili wa anayeoga.

Shawa ikisumbua, sikiliza breka. Ikijizima baada ya dakika kadhaa, mara nyingi mzigo umezidi au kiungio kimelegea na kupata moto. Ikijizima papo hapo, kuna shoti. Ikiruka ile ya kuzuia uvujaji, ya miliampea 30, umeme unavuja. Usiiondoe ili uoge.

Shawa ipewe njia yake yenyewe: waya wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye meinswichi, breka ya ampea 32, kinga ya uvujaji na ethi iliyopimwa. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na usikubali akuondokee kabla hajapima ethi mbele yako.