Majina Yasiyokuwa Kwenye Jalada: Waandishi Wanawake na Biashara ya Vitabu Adimu

Katika sekta ya Gashonga, wilayani Rusizi, ndiko iliko Mibirizi, kilima ambacho Mapadre Weupe walifungua misheni yao mwaka 1903, na kwa hiyo pande hizi za kusini-magharibi mwa Rwanda ziliingia mapema katika maandishi yaliyochapwa. Mkusanyaji anayetafuta vitabu vya zamani kuhusu Ziwa Kivu na Rwanda hukutana na Caput Nili cha mwaka 1904, kazi ya Richard Kandt, Mjerumani aliyeweka makazi yake Shangi karibu na ziwa hilo. Hukutana pia na habari za safari za Adolf Friedrich wa Mecklenburg, na baadaye na kazi za mapadre Albert Pagès na Alexis Kagame. Katika safu hiyo jina la mwanamke ni shida kulipata, na sababu haiwezi kuwa kwamba wanawake hawakutunga.

Kitabu adimu, kwa maana wanayoitumia wauzaji, ni kile ambacho nakala zake zilizosalia ni chache kuliko watu wanaozitaka, na kinachotafutwa zaidi ni toleo la kwanza, yaani nakala zilizotoka mtamboni mara ya kwanza. Maana hiyo inadai karatasi, jalada na jina la mwandishi, na mtunzi aliyekosa vitu hivyo hawezi kuuzwa wala kununuliwa. Mapokeo ya ikulu ya Rwanda yanamtaja Nyirarumaga, aliyeshika nafasi ya umugabekazi, yaani mama wa mfalme, wakati wa Ruganzu II Ndoli, kuwa ndiye aliyeasisi igisigo, shairi refu la kutukuza nasaba ya wafalme, ambalo watunzi walilihifadhi kichwani na kulirithisha kizazi hadi kizazi. Mashairi hayo yalipofika kwenye karatasi yalipitia mikononi mwa Kagame, aliyechapisha La poésie dynastique au Rwanda mjini Brussels mwaka 1951. Kazi ya padre huyo ilikuwa kubwa, na bila yeye mengi yangepotea; lakini muuzaji anayekiorodhesha kitabu hicho humwandika Kagame, na mwanamke anayehesabiwa kuwa chimbuko la utanzu mzima hana mstari wake katika orodha.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na maandishi ya mkono kwa herufi za Kiarabu, na huko mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858, alitia ndani ya beti zenyewe jina lake, Pate alikozaliwa na mwaka wa kutunga, hivyo kila aliyenakili utendi alinakili pia uthibitisho wa mwenyewe. Kwa busara hiyo, Alice Werner na William Hichens walipouchapisha Uingereza mwaka 1934, hapakuwa na shaka utendi ni wa nani. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Zanzibar, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886, na kitabu hicho kina wanunuzi hadi leo, kwa kuwa kilipita njia ambayo soko linaitambua: mchapishaji wa Ulaya, mwaka unaojulikana na jina juu ya jalada.

Hata Ulaya jina hilo halikuwa hakika. Frankenstein ya Mary Shelley ilitoka London mwaka 1818, nakala 500 tu, bila kumtaja mwandishi. Nakala moja iliuzwa mnadani New York mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni moja. Hata hivyo bei kubwa za namna hiyo ni za wachache, kwani wanawake wengi walioandika hawajawahi kuingia katika mzunguko unaozaa bei: mkusanyaji hutafuta alichofundishwa kukiheshimu, muuzaji huorodhesha kinachotafutwa, maktaba hutunza kilichoorodheshwa, na mwalimu hufundisha kilichotunzwa. Mwaka 2018 A. N. Devers alifungua London duka la The Second Shelf, lililojikita katika vitabu vya wanawake, ili kuuvunja mzunguko huo.

Kwa Rwanda, matoleo ya kwanza ya wanawake ni ya juzi tu. Yolande Mukagasana alichapisha La mort ne veut pas de moi mwaka 1997. Scholastique Mukasonga alitoa Inyenzi ou les Cafards mwaka 2006 na La femme aux pieds nus mwaka 2008, kisha Notre-Dame du Nil, iliyoshinda tuzo ya Renaudot mwaka 2012. Vyote vilichapwa Ufaransa, na nakala za Notre-Dame du Nil zilizotoka kabla ya tuzo ndizo wakusanyaji wa kesho watakazozitofautisha na zile zilizochapwa baadaye. Maktaba ya Umma ya Kigali ilifunguliwa mwaka huohuo wa 2012, na kwa vitabu hivi vinne haihitaji kungoja mnada wala mfadhili wa Ulaya: yatosha nakala moja ya kila toleo la kwanza itafutwe sasa, iwekwe kando ya zile za kuazimwa, na iandikwe katika orodha kwa jina la mwanamke aliyeiandika.