Pawa saplai ya kompyuta ya gemu: wadau wa Bukoba na Muleba someni hapa

Naona vijana wengi hapa Bukoba na kule Muleba wananunua kadi ya grafiki ya bei mbaya, halafu pawa saplai wanaokota yoyote ile. Hapo ndipo mashine inapoungulia!

Kwanza, piga hesabu. Kadi ya RTX 3060 inakula wati 170. Prosesa ya Ryzen 5 5600 iwekee 88. Feni, diski na vinginevyo weka 60. Jumla kama 320. Nvidia wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo, maana kuna wakati inavuta ghafla kupita kiwango.

Pili, stika isikudanganye. Imeandikwa wati 600? Soma mstari wa +12V, zidisha 12 kwa ampea. Zikiwa ampea 20 ni wati 240 tu, wakati kwa hesabu yetu kadi na prosesa pekee ni 258. Hiyo iache dukani.

Tatu, umeme wetu. Kagera kwa miaka mingi ilitegemea umeme wa Uganda kupitia Masaka, na kukatika tunakujua. Radi za ziwani ndiyo usiseme. Tafuta yenye kinga ya volti kupanda na ya shoti, halafu ongeza UPS. Ile ya VA 650 kwa kawaida haifiki wati 400. Inatosha kusevu na kuzima, siyo kumaliza mechi. Radi ikianza, chomoa waya ukutani.

Na ikifa, usiifungue: kapasita hubaki na umeme hata ukichomoa.

Nawasilisha.