Vitabu Vilivyotolewa Darasani

Vijana wapendwa, mmezoea kuwaona wazee wetu wakiitaja miaka ya Mobutu kwa kicheko kilichochanganyika na hofu. Kicheko ni cha mavazi ya abakosti na cha majina yaliyobadilishwa kwa siku moja. Hofu ina sababu nyingi, na ninayotaka tuitafakari hapa ni moja tu: kwa muda wa miaka miwili hivi, sheria ya nchi ilimkataza mwalimu kufundisha dini darasani, na kwa hiyo katekisimu ikaondoka mezani pake. Habari hiyo husimuliwa kana kwamba ilianza na kuisha pamoja na Mobutu. Haikuwa hivyo. Ili tuielewe yatupasa kurudi nyuma hadi wakati ambapo sisi wenyewe tulikuwa upande wenye nguvu.

Tarehe 26 Mei 1906, Kiti Kitakatifu na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II vilitia sahihi mkataba. Serikali iliahidi kuzipa misioni za Kikatoliki ardhi. Misioni nazo ziliahidi kufungua shule kadiri zilivyoweza. Masharti ya mkataba yanafaa kusomwa polepole. Programu ya masomo ilipaswa kufikishwa kwa Gavana Mkuu, na masomo yenyewe yapangwe kwa makubaliano ya pande mbili. Kilimo na kazi za mikono zilitakiwa. Lugha za Ubelgiji zilitakiwa pia, nazo zikahesabiwa kuwa sehemu ya lazima. Tangu siku hiyo, aliyeamua mtoto wa Kongo asome nini hakuwa mzazi wala mwalimu, bali meza moja yenye viti viwili, kimoja cha serikali na kimoja cha misioni.

Baadaye zikaja ruzuku. Katika miaka ya 1920 serikali ya Ubelgiji ilikubali kulipia shule za misioni, na kanuni za mwaka 1929 zikaeleza kwa urefu saa za masomo, ngazi za shule na ukaguzi. Lakini fedha hizo zilikuwa kwa misioni zilizoitwa za kitaifa, yaani zile zenye uongozi wa Kibelgiji, na kwa sehemu kubwa hizo zilikuwa za Kikatoliki. Waprotestanti walisubiri hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1948, ndipo shule zao zikaanza kupata ruzuku. Waislamu hawakupata kitu.

Hapa ndipo historia inapotugusa sisi wa Kasongo kuliko wengine. Mji wetu ulikuwa makao ya Tippu Tip na jamaa zake kabla ya majeshi ya Dhanis kuuteka mwezi wa Aprili 1893. Walioubaki waliendelea kusali, kuwasomesha watoto wao Kurani, na kuandika kwa herufi za Kiarabu katika lugha hii hii tunayoitumia kanisani. Mapadre Weupe walipofungua shule, kitabu cha kusomea na kitabu cha dini vilikuwa karibu kitu kimoja: mtoto alijifunza herufi kwa njia ya sala. Basi mzazi Mwislamu wa Kasongo au wa Kabambare alikuwa na njia mbili. Ampeleke mtoto misioni, ambako angejua kusoma na kuhesabu na pengine kupata kazi ya ukarani, lakini pia angefundishwa katekisimu; au ambakize katika chuo cha Kurani, ambacho serikali haikukihesabu kuwa shule. Wengi walichagua njia ya pili, na jamii yao ikabaki nyuma katika elimu ya shule kwa muda mrefu. Ni mwaka 1954 tu ambapo Waziri Buisseret, mliberali, alianza kufungua shule za serikali zisizo za dini kwa watoto Waafrika.

Tazameni jinsi kizuizi hicho kilivyofanya kazi. Katika shule haikuhitajika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Ilitosha kwamba anayelipwa ni mmoja, anayechapa vitabu ni yule yule, na mkaguzi anajua anachokuja kukitafuta. Sheria ya namna hiyo haina kelele. Kwa maoni yangu ina nguvu kuliko ile inayotangazwa redioni, kwa sababu anayefaidika nayo haioni kabisa.

Sheria ya Mobutu, yenyewe, ilikuwa na kelele. Mwezi wa Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire. Mwanzoni mwa 1972 majina ya ubatizo yakakatazwa. Kardinali Malula alipoonekana kupinga, alilazimika kwenda Roma na kukaa huko kwa miezi kadhaa, na gazeti Afrique Chrétienne likasimamishwa. Vyama vya vijana vya dini vikapigwa marufuku, maana vijana wote walihesabiwa kuwa wa chama kimoja, JMPR, tawi la vijana la MPR. Nanyi mnaokutana kila Jumapili bila kumwogopa mtu, fikirini kwamba mkutano wenu ungekuwa kosa. Mwaka 1973 magazeti mengi ya dini yakafungwa. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika sikukuu za taifa, na katiba ya mwezi wa Agosti mwaka huo ikaufanya Mobutisme kuwa mafundisho ya dola.

Pigo la shule lilikuja mwisho wa mwezi wa Desemba 1974. Shule zote za dini zikatwaliwa na serikali. Somo la dini likafutwa, na mahali pake likawekwa somo la elimu ya uraia na siasa, ambalo msingi wake ulikuwa mafundisho ya chama na maneno ya Rais. Misalaba ikaamriwa kuondolewa mahali pa umma, na picha iliyoruhusiwa kubaki ukutani ikawa ya Mobutu. Hata Kitivo cha Teolojia kikatolewa katika Chuo Kikuu cha Taifa. Maaskofu wakaendelea nacho wenyewe.

Mwalimu wa kijijini alifanya nini? Mara nyingi mwalimu na katekista alikuwa mtu mmoja, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Asubuhi alisimamisha watoto mbele ya bendera, akawaimbisha nyimbo za chama. Jioni, kwenye kapela, aliwafundisha Amri za Mungu watoto wale wale, bila kitabu, kwa kurudiarudia kwa mdomo. Wapo wanaomwita mnafiki. Mimi siwezi. Alikuwa na mshahara mdogo, watoto wake mwenyewe, na mkaguzi ambaye angeweza kufika siku yoyote. Kilichokatazwa darasani kilihamia katika shirika zetu za mtaani na chini ya mwembe wa kapela, na imani haikukauka. Lakini tusiipambe hali hiyo: watoto wengi walipoteza miaka, na shule nyingi zilipoteza waliokuwa wakizitunza.

Serikali haikuweza kuubeba mzigo ilioutwaa. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, fedha za kuendesha shule hazikupatikana, na usimamizi ukalegea. Tarehe 26 Februari 1977 ulitiwa sahihi mkataba mpya kati ya serikali na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Kanisa halikurudishiwa yote. Programu, mishahara na ukaguzi vilibaki mikononi mwa serikali. Makanisa yalipewa usimamizi wa shule, pamoja na haki ya kufundisha dini. Waislamu nao waliingia katika utaratibu huo baadaye, wakawa na shule za mkataba za kwao.

Utaratibu huo ndio tunaoishi nao. Kitabu cha shule kinapaswa kukubaliwa na wizara, na sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 inaitambua lugha ya taifa au lugha ya mahali kuwa lugha ya kufundishia katika madarasa ya kwanza. Nchi za jirani zina utaratibu wao: Tanzania, mwezi wa Februari 2023, wizara ya elimu ilizikataza shule kutumia vitabu kadhaa vya watoto, vikiwemo vya Jeff Kinney wa Marekani, kwa kusema kwamba vinapingana na maadili. Sikatai kwamba mtoto anahitaji kulindwa. Ninauliza tu nani aliketi mezani wakati orodha ilipoandikwa, na kama mzazi aliitwa. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba mzazi ana haki ya kuchagua namna ya elimu atakayopewa mtoto wake.

Kwetu Maniema, hata hivyo, kizuizi kikubwa hakipo katika orodha. Tangu masomo ya shule ya msingi yatangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na kitabu kilichokubaliwa na wizara mara nyingi ni kimoja, nacho kiko mkononi mwa mwalimu. Anakinakili ubaoni, watoto wanakinakili daftarini, pamoja na makosa ya njiani. Ndivyo ilivyo katika shule ya Wakatoliki, ya Waprotestanti na ya Waislamu. Hesabu ni ile ile, jiografia ni ile ile, na mkaguzi anadai daftari lile lile la matayarisho. Inapofika saa ya dini tu ndipo kila shule inapofungua kitabu chake.