Moto wa kiwanda cha Triangle: Jinsi mlango uliofungwa ulivyobadili sheria za kazi Marekani

Jumamosi, Machi 25, 1911, saa kumi na dakika 40 jioni, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo mjini New York, Marekani. Kabla ya nusu saa kwisha, watu 146 walikuwa wamekufa au wamejeruhiwa vibaya mno kupona. Wengi wao walikuwa wasichana na wanawake wahamiaji, Wayahudi na Waitalia. Baadhi walikuwa na miaka 14 tu. Tunaeleza kwa nini hawakuweza kutoka, na nini kilifuata.

Walidai nini kabla ya moto?

Triangle kilishona blauzi katika ghorofa ya 8, 9 na 10. Mwaka 1909, washonaji wapatao 20,000 wa New York waligoma wakidai mishahara bora, saa chache za kazi na usalama. Wa Triangle walikuwemo. Viwanda vingi vilikubali kukitambua chama chao, lakini Triangle kilikataa.

Kwa nini wengi walikufa?

Moto ulianza ghorofa ya 8, ukashika mabaki ya vitambaa. Ghorofa ya 10 walipigiwa simu, wengi wakaokokea juu ya paa. Ghorofa ya 9 hawakuarifiwa. Huko mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, ili watu watoke upande mmoja wakipekuliwa mikoba. Ngazi ya dharura ya nje ilivunjika kwa uzito wa watu. Ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya 6. Makumi waliruka madirishani.

Nini kilibadilika?

Wamiliki wawili wa kiwanda walishtakiwa, na Desemba 1911 mahakama ikawaachia huru. Mwaka 1914, familia zilizofungua kesi ya madai zililipwa dola 75 kwa kila marehemu.

Hata hivyo, jimbo la New York liliunda tume iliyokagua viwanda. Sheria zaidi ya 30 zikapitishwa: milango isifungwe kwa ufunguo saa za kazi, na wafanyakazi wafanye mazoezi ya kujiokoa.

Frances Perkins, aliyeushuhudia moto ule akiwa barabarani, alifanya kazi na tume hiyo. Mwaka 1933 akawa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani. Akiwa madarakani, sheria ya mwaka 1938 iliweka kima cha chini cha mshahara na kuzuia ajira ya watoto viwandani.

Washonaji walikuwa wamedai usalama mwaka 1909. Sheria ziliwafikia wenzao waliobaki.