Tulichunguza damu, Mambasa tukaiacha porini

Tarehe 30 Julai 2026 ni miaka 20 kamili tangu Wakongomani wapige kura ya kwanza ya vyama vingi baada ya zaidi ya miaka 40. Bunia ilipanga mistari tangu alfajiri. Mji ulikuwa bado unanuka moshi wa vita ya Wahema na Walendu, vita iliyoua watu wanaokadiriwa kuzidi 50,000 katika Ituri kati ya 1999 na 2003, na helmeti za buluu za MONUC, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, zilikuwa kila kona ya barabara kuu. Karatasi ya kura ya urais ilikuwa na sura 33. Ile ya ubunge ilikuwa kama gazeti, kwa sababu nchi nzima wagombea zaidi ya 9,000 waligombania viti 500.

Wengi wa hao hatukuwajua. Hatukuwa na mahali pa kuwauliza. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika mwaka 1984, na mpaka leo hakuna nyingine. Kitambulisho ambacho mtu wa Ituri anatembea nacho mfukoni ni kadi ya mpiga kura, ile aliyopewa kwa mara ya kwanza wakati Tume ya Uchaguzi ya Padri Apollinaire Malu Malu ilipoandikisha watu milioni 25 mwaka 2005 na 2006. Kadi hiyo inasema umezaliwa wapi kwa sababu wewe mwenyewe umesema. Katika nchi ya namna hiyo, anayetaka kumchimba mpinzani wake hana faili la kufungua. Anachimba ukoo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Patrice Lumumba alipogombea mwaka 1960, maadui zake walikuwa na karatasi mkononi. Alikuwa karani wa posta Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akashtakiwa kwa kuchukua fedha za posta, akafungwa kati ya 1956 na 1957. Wabelgiji na wapinzani wake walilikumbusha jambo hilo kila walipopata nafasi. Wapiga kura wakalisikia, wakalipima, na chama chake kikapata viti vingi kuliko chama kingine chochote. Naliona jambo hilo la heshima, hata kwa waliomshambulia: walizungumzia kitendo, chenye tarehe na hukumu, na mwananchi akaamua.

Chini ya Mobutu hakukuwa na mgombea wa pili wa kuchunguzwa. Lakini utawala wake ndio uliotuachia silaha ya uraia. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokaa Kivu, sheria ya 1981 ikawanyang'anya, na tangu hapo kila mwanasiasa anajua kwamba uraia ni kitu kinachoweza kutolewa na kunyang'anywa. Kengo wa Dondo, mwenye baba Mpolandi na mama mwenye asili ya Rwanda, alifuatwa na swali hilo miaka yote aliyokuwa waziri mkuu.

Ndipo tunafika kwa Joseph Kabila.

Mzee Laurent-Désiré Kabila aliuawa akiwa rais, tarehe 16 Januari 2001. Siku kumi baadaye aliapishwa Joseph, kijana wa miaka 29 ambaye Wakongomani wengi hawakuwahi kusikia sauti yake. Alikuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu. Hakuwahi kugombea kitu, hakuwahi kuandika kitu, hakuwahi kusimama jukwaani. Maelezo rasmi yalisema alizaliwa tarehe 4 Juni 1971 Hewa Bora, huko Fizi, pamoja na pacha wake Jaynet, kwa mama Sifa Mahanya. Kwamba alikulia Tanzania wakati baba yake akijificha kwa majina ya bandia. Kwamba alisoma Dar es Salaam na Mbeya, kisha akaingia Kongo mwaka 1996 na waasi wa AFDL wa baba yake, katika jeshi lililoongozwa na maofisa wa Rwanda kama James Kabarebe.

Mtoto wa mpiganaji aliyejificha hawezi kuwa na cheti safi. Baba alikuwa anabadili jina na nyumba. Nani angekwenda manispaa kuandikisha mapacha? Wapinzani waliligeuza pengo hilo kuwa ushahidi. Honoré Ngbanda, aliyekuwa mkuu wa usalama wa Mobutu na baadaye mkimbizi wa kisiasa Ufaransa, alitangaza kwamba rais si mtoto wa Mzee, kwamba jina lake halisi ni Hippolyte Kanambe na damu yake ni ya Rwanda. Habari hiyo ilipanda redio trotuari, yaani uvumi wa mitaani, ikashuka kwenye mahubiri, ikaingia televisheni za Kinshasa. Watu walipima urefu wake, pua yake, ukimya wake. Walipima hata lugha: Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania, Kilingala kilimshinda, Kifaransa alikitamka kwa tahadhari. Kwa mtu wa Kinshasa hizo zilikuwa dalili za mgeni. Kwa sisi wa mashariki, kusikia rais anazungumza Kiswahili bila kuona haya kulitosha kumfanya ndugu.

Katiba yenyewe iliingizwa katika ugomvi. Kifungu cha 72 kinamtaka mgombea urais awe Mkongomani wa asili na awe na miaka 30. Katika mapendekezo ya awali umri ulikuwa 35, na wote walielewa ulishushwa kwa ajili ya nani, kwa kuwa katiba ilipopigiwa kura ya maoni Desemba 2005 Joseph alikuwa na miaka 34. Uchaguzi ulichelewa kiasi kwamba siku ya kura alikuwa ameshatimiza 35. Kishindo chote kile kikawa hakina kazi.

Jean-Pierre Bemba, mpinzani wake mkuu katika kura ya 2006, alilishika jambo la asili kwa mikono miwili. Alifanya kampeni akijiita mtoto wa nchi, Mkongomani asilimia mia. Maneno hayo hayakumtaja mtu, na hayakuhitaji kumtaja. Neno «congolité», Ukongomani wa asili, likazaliwa kwa mfano wa lile lililoipasua Côte d'Ivoire, na kama Abidjan, halikuwa na mpaka wa pale linapoishia: upande wa Kabila ukakumbusha kwamba Bemba mwenyewe alikuwa na babu Mreno. Tarehe 17 Juni 2006, wiki sita kabla ya kura, Kabila alimwoa Olive Lembe di Sita, na televisheni zikaonyesha. Mtu asiye na ukoo unaojulikana alikuwa sasa na mke, wakwe na picha ya familia. Tarehe 27 Julai, siku ya mkutano mkubwa wa Bemba Kinshasa, umati ulivunja na kuchoma ofisi za mamlaka ya vyombo vya habari, chombo pekee kilichojaribu kuzima matangazo ya chuki ya pande zote.

Matokeo ya duru ya kwanza: Kabila asilimia 44.81, Bemba 20.03. Usiku huohuo wa tarehe 20 Agosti yalipotangazwa, bunduki zilianza kulia Kinshasa, zikaendelea siku tatu. Mdahalo wa ana kwa ana kabla ya duru ya pili haukufanyika. Tarehe 29 Oktoba Kabila alishinda kwa asilimia 58.05, mashariki karibu yote ikiwa nyuma yake. Baba yake ni nani? Hakuna mahakama iliyothibitisha dai la Ngbanda. Ugombea wake ulikubaliwa, basi.

Sasa nieleze kwa nini hadithi hiyo inaniuma nikiwa Bunia. Mezani kwangu nina ripoti mbili za mwaka 2003: moja ya Human Rights Watch juu ya vita ya Ituri, nyingine ya wachunguzi wa MONUC juu ya Mambasa. Zinazungumzia mambo yaliyofanyika kwenye ardhi hii, chini ya viongozi waliokuja kutuomba kura miaka mitatu baadaye. Hapa kwetu mgombea Bemba hakuwa mgeni wala kitendawili. Mwanzoni mwa 2001, Uganda ilipomkabidhi uongozi wa makundi ya waasi yaliyounganishwa, alikuja Bunia na akawaketisha Wahema na Walendu. Februari mwaka huo makubaliano yakatiwa saini na kwa muda watu wakalala. Hilo ni la kumpa, na wazee wa mji walimpa.

Oktoba 2002 askari wa MLC, chama cha Bemba, pamoja na wale wa kundi jingine la waasi, RCD-National, waliteremka barabara ya Mambasa. Operesheni yao waliiita «Effacer le tableau», futa ubao. Jina lilisema kazi. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walipofika mwanzoni mwa 2003 walikusanya shuhuda za mamia ya watu Mambasa na Mangina, Wambuti wa msituni na Wanande wa mashambani, wakathibitisha mauaji 117 ya kiholela, ubakaji, uporaji wa nyumba kwa nyumba, na vitendo vya kula nyama za watu vilivyoshtua dunia. Bemba alikubali kwamba askari wake walikosa. Akawafikisha baadhi yao mbele ya mahakama yake ya kijeshi Gbadolite, mbali mno na mjane yeyote wa Mambasa aliyetaka kusema neno.

Hiyo ndiyo ilikuwa rekodi. Ilikuwa na tarehe, vijiji na majina ya vikosi. Mwaka 2006 kampeni ya Kabila iliitumia, lakini iliitumia kama kitisho, neno moja la ulaji wa watu la kurushwa upande wa pili lilipohitajika jibu kwa neno «Mnyarwanda». Hakuna aliyeuliza jukwaani ni nani alitoa amri, nani alijua, lini alijua. Tulipewa ugomvi wa kuzaliwa dhidi ya ugomvi wa kinyama, na Mambasa ikabaki kelele ya kampeni. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimshtaki Bemba kwa mambo ya Afrika ya Kati, ikamtia hatiani Machi 2016, ikamwachia kwa rufaa Juni 2018. Mambasa haikuwamo katika mashtaka hayo.

Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa UPC hapa Ituri, naye alikuwa kizuizini Hague tangu Machi 2006. Sheria ya uchaguzi iliwafungia mlango waliokwisha kuhukumiwa kabisa kwa uhalifu wa kivita, si wanaotuhumiwa, na chama chake UPC kiliendelea kuwa chama. Mwezi Novemba, wakati Kinshasa inasubiri matokeo ya duru ya pili, majaji wa Hague walikuwa wanasikiliza kama kuna kesi juu ya watoto waliofanywa askari hapa kwetu. Hukumu ilikuja Machi 2012, karibu kurasa 600. Ni rekodi ndefu ya mwanasiasa wa Ituri, na imeandikwa na wageni, katika lugha ambazo mama wa Mudzipela, hapa Bunia, hasomi.

Baada ya hapo ni mzunguko uleule. Mwanzoni mwa 2007 Bunge lenyewe liligundua kwamba wabunge wengi walikuwa na pasi mbili, likawapa muda wa kujipanga, na jambo likazimika. Mwaka 2018 mwanasiasa wa upinzani Moïse Katumbi alizuiwa mpakani Kasumbalesa baada ya mabishano juu ya uraia wake wa Italia. Mwaka 2021 likaja pendekezo la sheria la Noël Tshiani, kwamba rais awe na baba na mama Wakongomani, na Oktoba 2023 Mahakama ya Katiba ikakataa ombi la kumwondoa Katumbi katika kinyang'anyiro cha urais. Septemba 2025 Kabila alihukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani, kwa uhaini na makosa mengine, na mawakili wa upande wa raia walilileta tena swali la 2006: huyu ni Mkongomani?

Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Machi 2023 Jean-Pierre Bemba aliteuliwa waziri wa ulinzi, na wanajeshi waliokuwa wakituongoza wakawa chini yake. Nilisikiliza mijadala ya redio wiki ile. Walizungumza juu ya uwezo wake na mipango ya rais ya uchaguzi. Barabara ya kutoka Bunia kwenda Mambasa inapita Komanda, na malori ya mbao na kakao yaliendelea kupita wiki ile yote, mbele ya nyumba zilizotajwa katika ripoti. Sikusikia mtangazaji hata mmoja akizitaja.