Aliyekufa Hatoi Ushuhuda

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sawa, ndugu msomaji, lakini dawa je? Nani humchagulia mgonjwa dawa, na huyo anayechagua humsikiliza nani? Siku hizi jibu jepesi ni simu ya mkononi. Ujumbe unaingia asubuhi, "watumie na wenzako," na jioni mtaa mzima unachemsha majani. Wazee wanatucheka eti vijana tumeharibiwa na mitandao. Hapo nakataa. Mchezo huu ni wa zamani, na kanuni zake zilikuwapo kabla ya simu.

Turudi Kenya, mwaka 1990. UKIMWI unaua, na dawa ya AZT iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987 ina bei ambayo mtu wa Kariobangi anaisikia tu. Mara Rais Daniel arap Moi anatangaza kwamba taasisi ya utafiti ya KEMRI imepata dawa, jina lake Kemron. Nani asingeamini? Aliyesema ni mkuu wa nchi, waliotajwa kuigundua ni wataalamu wenye shahada zao, tena ni Waafrika wenzetu. Wagonjwa walioanza kuitumia wakasemekana wamepata nafuu. Kumbe nafuu hiyo haikupimwa inavyotakiwa. Baadaye Uganda walifanya jaribio: wagonjwa wengine wakapewa dawa yenyewe, wengine wakapewa ya kuigiza isiyo na kitu ndani, na hakuna aliyejua amepata ipi. Mwishoni walipohesabu pande zote mbili, hawakuona tofauti. Kemron ikazimika kimyakimya. Ilitangazwa kwa kishindo, lakini kushindwa kwake wangapi walikusikia?

Sasa tuvuke mpaka, twende Loliondo, mwaka 2011. Hapa msemaji hakuwa rais. Alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, Babu, katika kijiji cha Samunge. Alisema Mungu amemwonyesha mti wa kutibu UKIMWI, kisukari, pumu na mengineyo. Kikombe kimoja, shilingi 500, basi. Watu wakamiminika si mchezo: mabasi, malori, hata helikopta za wenye nazo. Foleni ikafika kilometa nyingi porini. Mawaziri nao walikunywa, na picha zao zikatoka magazetini.

Usiwaite wajinga, bwana. Walikuwa na hoja zao. Tapeli angedai laki, huyu anadai mia tano tu, kwa hiyo hana tamaa. Jirani yangu amekunywa na anatembea. Waziri naye amekunywa. Tena hospitali ya wilaya nimekaa benchi tangu alfajiri na sijaambiwa hata ninaumwa nini, lakini Babu kanipa kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Nani kasema, nani kapona, bei gani, nani kanijali: kwa maswali hayo manne mtu wa kawaida huamua. Si maswali mabaya. Tatizo ni la tano, ambalo halikuulizwa: nani hakupona?

Maana kwenye foleni ile wapo waliokufa kabla ya kukifikia kikombe. Wapo waliotolewa wodini wakasafirishwa wakiwa taabani. Wapo walioacha vidonge vya ARV, ambavyo Tanzania ilikuwa ikivitoa bure tangu 2004, wakiamini wamepona. Aliyejisikia vizuri alirudi mjini akasimulia kijiweni, kanisani, hadi redioni. Aliyezikwa angesimulia wapi? Ushuhuda ni mashindano ambayo walioshindwa hawaruhusiwi kusema.

Halafu ikaja korona, mwaka 2020. Safari hii foleni ilikuwa ndani ya simu: nyungu, tangawizi, malimau, sauti za watu wasiojulikana wakijiita madaktari. Maswali yalikuwa yaleyale manne. Lile la tano lilikosa hata pa kuulizwa, kwa sababu mwezi Mei mwaka ule Tanzania iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa na vifo, ikakaa hivyo zaidi ya mwaka. Waliopona tuliwasikia. Wengine tuliwasikia kwa matangazo ya misiba, bila jina la ugonjwa.

Babu mwenyewe alifariki mwaka 2021. Magari hayapangi foleni tena Samunge. Ila dawa nyingine inakuja, huenda imeshaingia kwenye simu yako wakati unasoma hapa. Basi ikifika, uliza: wangapi walitumia, na wale ambao hawakupona wako wapi? Asiyeweza kujibu, hata akiwa daktari, hata akiwa mjomba, mwambie asubiri.

Na ninyi wenzangu mnaonoa kalamu, hapa kuna kazi. Hadithi za waliopona zina wasimuliaji wengi, tena wenye sauti kubwa. Nenda kwa mama aliyebaki na kikombe cha mumewe kabatini. Kaa, sikiliza, andika.